Simu na dozi ya kila siku: mwongozo kamili kwa aliye kwenye methadoni na anayemsaidia

Wengi wanaouliza kuhusu dozi za methadoni, dawa inayonywewa kila siku badala ya heroini, wamekwama palepale. Wameweka alamu kwenye simu, wengine wamepakua programu ya kukumbusha dawa, na haichukui muda mgonjwa ameanza kuruka siku. Hapo ndugu wanakata shauri kwamba kijana hataki kupona.

Alamu hutibu usahaulifu, na mtu wa methadoni hasahau. Dozi humshika kama siku moja hivi. Ikipita hapo, mwili wenyewe unamkumbusha kwa makamasi, miayo, jasho na tumbo kukata. Arosto hiyo, yaani mateso ya mwili kukosa dawa, haihitaji kengele. Kinachomzuia asifike kwenye dirisha la dawa la kliniki ni nauli, kibarua, msiba, polisi, au aibu ya kuteleza jana yake.

Kwa hiyo simu tutaipa kazi nyingine: mtu mmoja anayemjali mgonjwa ajue kwamba leo hajafika, na ajue mapema, dirisha la dawa likiwa bado wazi. Hatua zote zinazofuata zinajengwa juu ya hilo.

Mwongozo huu ni wa aliyekwisha kuandikishwa kwenye kliniki ya MAT, yaani ya tiba ya uraibu kwa dawa, iwe Temeke, Kidongo Chekundu kule Unguja au Mathari Nairobi, pamoja na anayemsaidia nyumbani. Hauhusu kupanga wala kubadili dozi. Hiyo ni kazi ya daktari, na haifanyiki kwa simu ya jirani aliyewahi kutumia.

## Mahitaji

- Simu ya mgonjwa. Kitochi kinatosha, na mara nyingi kinafaa kuliko simu janja. Chaji inakaa siku kadhaa na hakuna anayekitamani. Simu ya bei ni mtaji wa unga (heroini) siku mambo yakiharibika, tusidanganyane.
- Laini iliyosajiliwa kwa jina lake mwenyewe. Sababu yake iko Hatua ya 3.
- Msaidizi mmoja ambaye simu yake inapatikana asubuhi.
- Namba ya kliniki, pamoja na ya mwelimishaji rika (mtu aliyepitia hali hiyohiyo na sasa anawasaidia wenzake) au mhudumu wa jamii anayefanya kazi na kliniki hiyo.
- Akaunti ya pesa ya simu kwa msaidizi.
- Kalenda ya ukutani na kalamu.
- Naloksoni, dawa ya dharura ya kumrudishia pumzi aliyezidiwa na unga au methadoni, kama kliniki au shirika la karibu linagawa.

Programu za kulipia hazihitajiki.

## Hatua ya 1: Andika kwa nini siku zinakosekana

Kabla ya kugusa simu, kaeni na kalenda muirudie miezi miwili iliyopita. Kila siku iliyokosekana iandikiwe sababu moja kwa maneno machache: "nauli", "kazi", "mvua", "nilinyimwa ruhusa", "nilichelewa foleni", "nilitumia, nikaona aibu".

Mnafanya hivi kwa sababu kila tatizo lina dawa yake. Chukulia kijana anayepara samaki Feri, soko la samaki la Dar es Salaam. Samaki huingia alfajiri, na fedha yake yote inapatikana kabla jua halijawa kali. Kliniki ikifungua saa 1 asubuhi na kufunga saa 7 mchana, yeye hawezi kufika saa 2, ila saa 5 anaweza. Ukimwekea alamu ya saa 1 unampigia kelele tu akiwa na kisu mkononi. Anachohitaji ni mpango wa saa 5 unaojulikana na muuguzi, na nauli iliyotengwa kabla fedha ya samaki haijaanza kuzunguka.

Aliyekosa kwa sababu ya kutumia unga jana yake asikemewe hapa. Ukimkemea, mara ya pili ataandika "nauli" na utaanza kutibu tatizo ambalo halipo.

Dalili kwamba hatua imefaulu: sababu moja au mbili zinajirudia kuliko nyingine. Hizo ndizo za kushughulikia kwanza.

## Hatua ya 2: Chagueni msaidizi, na mkubaliane mbele ya muuguzi

Awe mmoja. Familia nyingi huunda kundi la WhatsApp la watu tisa, na siku kijana akikosa dozi kila mtu anadhani mwenzake ameshapiga simu. Mbaya zaidi, habari za tiba zinafika kwa shemeji aliye Mwanza ambaye hakuulizwa.

Msaidizi mzuri si lazima awe mama. Mama ana uchungu, na uchungu huo hugeuka haraka kuwa kelele. Dada, mjomba, mke, au mwenzake aliyetangulia kwenye tiba mara nyingi humudu vizuri zaidi. Mgonjwa ndiye achague.

Nendeni pamoja kliniki siku moja. Mgonjwa aseme kwa kinywa chake kwamba anaruhusu kliniki izungumze na msaidizi, na ruhusa hiyo iandikwe kwenye faili. Bila hiyo muuguzi hawezi kukujibu kwa simu, na yuko sahihi. Mkubaliane mambo matatu:

- Saa ya mwisho ya kusubiri kabla msaidizi hajapiga simu.
- Maneno yatakayotumika.
- Mgonjwa asipojibu, nani anafuata kupigiwa.

Onyo: msaidizi asipewe kazi ya upelelezi. Ukianza kumfuatilia kijana kwa ramani ya simu, simu itaachwa nyumbani au itauzwa, nawe utabaki umekata uzi wa pekee uliokuwa nao.

## Hatua ya 3: Jenga mfumo utakaobaki hata simu ikipotea

Simu itapotea. Itaibwa, itawekwa rehani, itatumbukia majini, au itauzwa usiku mmoja mbaya. Ukipanga kana kwamba haitapotea, mpango wako utadumu mwezi.

Laini iwe kwa jina la mgonjwa. Tanzania laini husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, kwa hiyo mwenyewe akienda kwa wakala anairudisha namba ileile siku hiyohiyo. Laini iliyosajiliwa kwa jina la rafiki aliyehama ikipotea ndiyo basi, na kliniki itaendelea kupiga namba iliyokufa.

Namba tatu (msaidizi, kliniki, mwelimishaji rika) ziandikwe kwa kalamu nyuma ya kadi ya kliniki. Na moja, ya msaidizi, mgonjwa aikariri. Mfanyieni mtihani pale pale, mara kadhaa, mpaka aitaje bila kusita. Mtu aliyewekwa mahabusu hana simu wala kadi. Ana kichwa chake tu.

Dalili ya kufaulu: simu ikizimwa na kufungiwa kabatini siku mbili, mgonjwa bado anaweza kumfikia msaidizi kwa simu ya muuza vocha.

## Hatua ya 4: Ujumbe wa asubuhi

Hii ndiyo hatua inayobeba mzigo, na ndiyo inayokosewa zaidi. Ujumbe unatoka kwa mgonjwa kwenda kwa msaidizi, si kinyume chake. Anautuma akishakunywa dozi, akiwa bado kwenye eneo la kliniki.

Uwe mfupi na wa kawaida:

"Shikamoo dada. Nimeshafika."

"Marahaba. Haya, siku njema."

Basi. Neno "methadoni" lisiandikwe, wala "kliniki", wala "dozi". Simu za watu huchunguliwa na mabosi, wapenzi na askari. Namba ya kliniki nayo iandikwe kwa jina la kawaida kabisa.

Saa ya mwisho ipangwe angalau saa mbili kabla ya dirisha kufungwa. Dirisha likifungwa saa 7 mchana, saa ya mwisho ni saa 5. Saa 5 ikifika kimya, msaidizi anapiga simu. Saa mbili zinatosha kutafuta bodaboda, kumwomba bosi ruhusa, au kumpigia muuguzi kusema "yuko njiani, ana shida ya usafiri". Ukijua saa 10 jioni umeshachelewa, na usiku wa arosto unaanza.

Swali la kwanza kwenye simu hiyo liwe: "Umekwama wapi?" Ukianza na "kwa nini hujaenda?" utapewa sababu za uongo. "Umekwama wapi" humfanya akutajie mahali na kitu kilichomshika, nawe unaweza kufanya jambo.

Asipopatikana, piga namba ya pili mliyokubaliana, kisha mwelimishaji rika. Hao wanajua maskani wanakokutana watumiaji, na wana namna ya kuingia maskani ambayo wewe huna. Usiende peke yako.

Dalili ya kufaulu: siku ikikosekana, mmejua kabla ya adhuhuri. Mwezi wa kwanza siku zitaendelea kukosekana, ila hazitakuwa siri.

## Hatua ya 5: Swali la kila wiki

Ujumbe wa asubuhi unaonyesha kama amefika. Hauonyeshi anavyoendelea. Kwa hilo tuna mfano uliopimwa hapahapa kwetu.

Katika utafiti wa WelTel nchini Kenya, kati ya 2007 na 2009, watu 538 walioanza ARV waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilitumiwa SMS kila Jumatatu yenye neno moja: "Mambo?" Mtu alitakiwa kujibu ndani ya saa 48, "Sawa" au "Shida". Aliyesema shida, au aliyekaa kimya, alipigiwa simu na muuguzi. Baada ya mwaka mmoja, waliotumia dawa ipasavyo walikuwa asilimia 62 kwa kundi la ujumbe na asilimia 50 kwa kundi lisilotumiwa.

Utafiti mwingine wa ARV, uliofanyika Chulaimbo magharibi mwa Kenya, ulilinganisha ujumbe wa kila siku na wa kila wiki. Wa kila wiki ulisaidia: asilimia 53 walifikia kiwango kizuri cha kumeza dawa, dhidi ya asilimia 40 ya wasiopata ujumbe. Wa kila siku haukuleta tofauti. Kinacholia kila siku hugeuka kuwa kelele za mtaani, unapita tu.

Tafiti hizo ni za ARV, si za methadoni, lakini funzo linahamishika: uliza mara moja kwa wiki, swali fupi, na jibu la "shida" lipate simu siku hiyohiyo. Usipoweza kupiga, usiulize. Aliyesema "shida" mara mbili bila kupigiwa, mara ya tatu ataandika "sawa" hata akiwa anatetemeka.

Simu ya "shida" iulize mambo haya: dozi inamshika mpaka kesho yake asubuhi? Anatumia kitu juu yake, hasa pombe au Valium (dawa ya kutuliza)? Ameanzishiwa dawa nyingine yoyote?

Swali la mwisho lina uzito ambao wengi hawaujui. Rifampisini ya TB, efavirenzi na nevirapini za VVU, na baadhi ya dawa za kifafa huifanya methadoni iishe mwilini haraka. Mtu anakunywa dozi yake yote na bado anapata arosto, kisha anarudi kwenye unga, na nyumbani wanasema amejitakia. Akiandikiwa dawa mpya popote, apige picha karatasi ya dawa aionyeshe MAT kesho yake, au msaidizi aipeleke. Dawa ya TB isiachwe hata kwa siku moja. Daktari atarekebisha methadoni.

## Hatua ya 6: Nauli isipite mkononi

Dawa ni ya bure, safari siyo. Kama sababu ya Hatua ya 1 ilikuwa "nauli", huu ndio utaratibu unaodumu.

Msaidizi amtafute mwendesha bodaboda mmoja wa kijiwe cha karibu, wakubaliane bei ya kwenda na kurudi, na malipo yaende moja kwa moja kwenye namba ya bodaboda kwa pesa ya simu, ama kila asubuhi au kwa wiki. Anayepanda daladala apewe nauli ya siku moja moja. Fedha ya wiki nzima Jumatatu asubuhi ni mtihani usio wa lazima kwa mtu aliye mwezi wa kwanza wa tiba.

Bodaboda haina haja ya kujua anakwenda kufanya nini. "Anakwenda hospitali" ni kauli ya kweli na inatosha.

Mgonjwa anayeanza kuingiza kipato alipe mwenyewe mapema iwezekanavyo, hata nusu. Nimeona familia zinazoendelea kumlipia mtu mzima nauli mwaka mzima, halafu zinamsimanga kwa hilo.

## Hatua ya 7: Siku ikikosekana

Weka alama nyekundu kwenye kalenda; siku alizofika ziwe za bluu. Kisha:

Siku 1 au 2. Aende kesho yake na amwambie muuguzi ukweli, pamoja na alichotumia kati hapo. Asiombe dozi mbili kufidia. Haipo, na ni hatari.

Siku 3 mfululizo au zaidi. Aende, lakini ajue dozi yake ya zamani haitatolewa moja kwa moja. Daktari atampima upya, pengine atapunguza na kupandisha tena taratibu. Wengi huona hii ni adhabu na ndiyo maana hawarudi. Sababu yake ni kwamba uwezo wa mwili kuhimili dawa hushuka haraka, na kiasi alichokimudu wiki iliyopita kinaweza kuzima pumzi yake leo. Msaidizi amweleze hivyo kwa simu kabla hajaondoka nyumbani, asije akashtukia dirishani na kugeuza.

Ametapika baada ya kunywa. Asiondoke. Amwambie muuguzi pale pale. Akishafika nyumbani hakuna anayeweza kuthibitisha kilichotoka.

Amekamatwa. Msaidizi aipigie kliniki siku hiyohiyo, ataje kituo. Kliniki ikijua mapema ina nafasi ya kuzungumza na kituo.

Safari au msiba. Piga kliniki kabla ya kuondoka. Zipo kliniki zinazopokeana wagonjwa kwa barua na taarifa ya dozi ya mwisho. Picha ya kadi ibaki kwenye simu ya msaidizi, ila picha haimpatii mtu dawa. Kliniki ya kule itataka kuongea na ya huku.

## Hatua ya 8: Dozi za nyumbani na video

Ruka sehemu hii kama unakunywa mbele ya muuguzi kila siku. Ni kwa aliyeruhusiwa kubeba dozi, au anayetumia nyumbani buprenorfini, dawa nyingine ya tiba hii. Marekani ilipanua sana ruhusa hii mwaka 2020 wakati wa korona, ikiruhusu hata dozi za siku 28 kwa waliotulia. Huku kwetu uamuzi ni wa kliniki na mtu huupata kwa mahudhurio mazuri, jambo ambalo kalenda yenu inaweza kulithibitisha.

Kliniki ikikubali video, irekodiwe hivi: kichupa au pakiti ionekane, mgonjwa anywe, kisha aseme tarehe kwa sauti na kufungua kinywa. Buprenorfini ya chini ya ulimi huchukua dakika 5 hadi 10 kuyeyuka. Kwa hiyo video mbili fupi, ya kuweka na ya kinywa kitupu, zinatosha kuliko moja ndefu inayomaliza bando. Akiimeza haifanyi kazi inavyotakiwa, na hapo ndipo wengi husema dawa haiwasaidii.

Video iende kwa mtu mmoja aliyekubaliwa na kliniki, kwa mpangilio wa ujumbe unaojifuta, na isihifadhiwe kwenye picha za simu.

Onyo kubwa: methadoni ya nyumbani ikae kwenye sanduku lenye kufuli, kwenye chupa ya kliniki yenye jina. Kamwe isihamishiwe kwenye chupa ya soda au ya juisi. Mnywo mmoja wa mtu mzima aliyezoea unaua mtoto.

## Hatua ya 9: Namba ya dharura na naloksoni

Wiki mbili za kwanza za tiba, na siku za kurudi baada ya kupotea, ndizo zenye hatari kubwa kuliko zote. Methadoni hujikusanya mwilini siku hadi siku, na anayeongeza unga au pombe juu yake anaweza kuzidiwa usiku, saa nyingi baada ya kunywa.

Watu wa nyumbani wajue dalili: anakoroma kwa sauti ya ajabu, pumzi inakuja kwa nadra, midomo imebadilika rangi, haamki ukimtikisa. "Mwacheni alale" ni kauli iliyokwisha kuzika watu.

Piga simu ya usafiri wa hospitali kwanza. Namba yake iwe kitufe kimoja kwenye simu ya kila mtu mzima wa nyumba hiyo. Mpe naloksoni kama ipo. Msaidie kupumua kama unajua namna. Akianza kupumua mlaze ubavu. Hata akiamka na kukasirika, apelekwe hospitali: naloksoni huisha nguvu ndani ya dakika 30 hadi 90, methadoni bado ipo.

## Utajuaje kwamba mfumo unafanya kazi

Angalia kalenda kila mwisho wa mwezi. Alama nyekundu zinazofuatana, mbili au tatu kwa mkupuo, ndizo za kutisha kuliko nyingi zilizotawanyika. Mkiona za mkupuo, rudini Hatua ya 1. Sababu imebadilika na nyie bado mnatibu ya zamani.

Dalili nyingine haimo kwenye kalenda. Siku moja mgonjwa atapiga simu mwenyewe kabla ya saa ya mwisho, aseme leo mambo ni magumu. Hiyo ni kubwa kuliko mwezi mzima wa alama za bluu.

Mahudhurio yakitulia kwa miezi mitatu, ujumbe wa asubuhi uachwe, lile swali la Jumatatu libaki. Aanzaye kusema anataka kupunguza dozi ili amalize haraka asijibiwe kwa SMS. Mpangie siku, nendeni wote wawili kwa daktari.